Hita ya gari inaposukutua maji

Mwenye gari wa Tanga ukimuuliza kama hita yake inafanya kazi, atakutazama kama umemuuliza habari za theluji. Hita ya nini? Hapa kwetu hata usiku wa manane mwezi wa saba mtu analala madirisha wazi. Kile kitufe chenye rangi ya bluu upande mmoja na nyekundu upande wa pili kimekaa kwenye bluu tangu gari lishuke melini, na wengi wetu tungekuwa radhi kukiacha hapo mpaka gari liende kwa wauza vyuma chakavu.

Mimi nilikuwa hivyo. Kigari changu ni cha mtumba kutoka Japani, nchi yenye majira ya baridi, ndiyo maana kimekuja na hita ambayo sikuiomba. Asubuhi moja nilikiwasha pale Chumbageni, redio imezimwa, AC imezimwa, nikasikia nyuma ya dashibodi maji yanapita kama mtu anayesukutua kinywa wakati wa kutawadha. Nikakanyaga mafuta kidogo, sauti ikazidi. Dakika tatu baadaye ikakoma. Nikasema alhamdulillah, limejitibu lenyewe. Kama wiki mbili hivi baadaye nilikuwa kwenye kona za kupanda kuelekea Soni, njia ya Lushoto, boneti wazi, mvuke unapanda juu kama wa sufuria ya makande, na kijana wa bodaboda amesimama pembeni ananipa pole.

Yale maji yaliyokuwa yanasukutua ndiyo hayohayo yanayopoza injini. Hita haina maji yake.

Injini inachoma mafuta, na sehemu kubwa ya joto linalopatikana haigeuki kuwa mwendo. Joto hilo lazima litolewe, vinginevyo vyuma vitapinda. Pampu inazungusha maji ndani ya injini, yanabeba joto, yanakwenda kwenye rejeta pale mbele, yanapozwa na upepo, yanarudi. Waliotengeneza gari wakaona joto hili si la kutupa lote. Wakatoa mipira miwili ya maji kutoka kwenye injini, wakaipitisha kwenye ule ukuta wa chuma unaoitenga injini na chumba cha abiria, wakaiunganisha na rejeta ndogo yenye ukubwa wa daftari nene, iliyojificha nyuma ya dashibodi. Maji ya moto yanapita humo, feni ya ndani, yaani blowa, inasukuma hewa katikati ya mapezi yake, na hewa inakujia usoni au miguuni ikiwa na joto.

Wengi hapa hudhani kwamba kuweka kitufe kwenye bluu ni kufunga maji. Kwa baadhi ya magari, hasa ya zamani, ni kweli: kuna bomba dogo la kufunga na kufungua. Lakini kwa mengi tunayoendesha, maji yanapita kwenye ile rejeta ndogo muda wote injini inapozunguka, kitufe kiwe wapi. Bluu inafunga kilango cha hewa tu. Kwa hiyo mtu wa Ngamiani ambaye hajawahi kuwasha hita maisha yake yote ana maji ya moto yanayopita karibu na magoti yake kila siku. Na kwa kuwa rejeta hiyo ndogo mara nyingi imekaa juu kuliko sehemu nyingi za njia ya maji, hewa ikiingia kwenye mfumo hupenda kukusanyika hapo. Chupa iliyojaa pomoni haitoi sauti ukiitikisa, ila ikipungua tu ndipo inaposema.

Sasa, kelele za nyuma ya dashibodi ni nyingi na mafundi wengine huzichanganya zote kwenye neno moja, "dashibodi inalia", kisha wanaanza kufungua. Usikubali kufunguliwa dashibodi kabla hujajiuliza maswali machache, kwa sababu dashibodi ikifunguliwa na kurudishwa haraka haraka, kesho yake utakuwa na kelele mpya ambazo hukuwa nazo. Humo ndani kuna vitu vitatu vinavyotembea: maji, upepo na vilango. Kila kimoja kina bwana wake. Maji yanamtii mguu wako kwenye mafuta. Upepo unatii kitufe cha kasi ya feni. Vilango vinatii kitufe cha joto na kile cha kuchagua hewa itokee wapi. Kwa hiyo simamisha gari mahali patulivu, zima feni kabisa, sikiliza. Kelele ikiendelea na ikabadilika ukikanyaga mafuta, ni maji. Ikikoma feni ilipozimwa, ni upepo. Ikija tu unapogeuza kitufe, au sekunde chache baada ya kuwasha gari, ni vilango. Jaribio hili halina gharama na linamaliza nusu ya ubishi wa gereji.

Tuanze na maji, kwa sababu ndiyo yenye hatari.

Baada ya kadhia ya Soni nililipeleka gari kwa mzee mmoja ambaye amekuwa akifungua injini tangu mimi nikiwa shule. Sikuwa na haja ya kueleza sana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Limekuwaje?"

"Lilikuwa linasukutua, sasa limechemsha."

Akanitazama. "Maji unatia wapi, mwanangu?"

"Kwenye kopo la akiba. Kila Ijumaa naangalia, limejaa."

"Na kwenye rejeta?"

"Si yanakwenda yenyewe?"

"Yanakwenda yakivutwa," akasema, na akafungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa, injini ikiwa imepoa kitambo. Akaingiza kidole. Kikatoka kikavu. Kopo la akiba pembeni yake limejaa hadi mstari wa juu.

Hapa ndipo wengi tunapoumia. Kile kifuniko kina kazi mbili. Ya kwanza ni kubana. Kwenye magari mengi ya Kijapani utaona kimeandikwa 0.9 au 1.1, na hicho ni kiwango cha msukumo kinachoruhusu kabla ya kufungua njia. Maji yaliyobanwa hivyo hayachemki kwenye nyuzijoto 100, yanasubiri mpaka karibu 120. Kazi ya pili ni kuvuta. Maji yakipata moto yanatanuka, ya ziada yanapita kwenye kifuniko na kwenda kwenye kopo. Injini ikipoa yanajikunja, na kivalvu kidogo katikati ya kifuniko kinafunguka kuyavuta yarudi. Mpira wa kifuniko ukikauka au kivalvu kikiganda kwa kutu, maji yanatoka lakini hayarudi. Badala yake hewa inaingia pale mpira ulipochanika. Kila safari rejeta inapungua, kopo linajaa, nawe unafurahi kwamba gari lako halili maji. Wakati mwingine utaona mpira wa juu wa rejeta umebonyea ndani asubuhi kama umekanyagwa. Hiyo ni dalili ileile.

Kifuniko ni spea ya bei ndogo, lakini Soni nusura kiniunguzie gasketi ya hedi, ule utando unaobana kati ya injini na kichwa chake.

Tena usiitegemee geji ya joto. Magari mengi madogo ya siku hizi hayana hata hiyo geji, yana taa ya bluu na nyekundu tu. Na sensa ya joto imetengenezwa ikae ndani ya maji. Maji yakiondoka pale ilipo, inapima hewa, na inaweza kukuonyesha kwamba mambo ni shwari huku hedi inaungua. Sukutuo la nyuma ya dashibodi huja kabla ya yote hayo. Na ukiweka hita kwenye moto kabisa, ikapuliza hewa ya uvuguvugu wakati injini imeshapata joto, au ikapuliza moto unapokanyaga mafuta na baridi unaposimama kwenye foleni, hapo maji yamepungua au pampu imechoka. Huko kuwasha hita Tanga kwa dakika mbili kila mwezi si uwendawazimu, ingawa abiria wako watasema ni.

Hewa inaingiaje? Kifuniko nimeshakitaja. Njia ya pili ni uvujaji wowote: mpira uliopasuka, klipu iliyolegea, pampu inayotoa jasho. Ya tatu ni fundi aliyebadilisha maji jana akajaza na kufunga bila kutoa hewa. Ya nne ndiyo inayotisha: gasketi ya hedi imeungua na moshi wa silinda unapenya kwenye maji. Hii ya mwisho utaitambua kwa kuwa hewa haiishi. Umeitoa leo, kesho imerudi. Mipira inakuwa migumu muda mfupi baada ya kuwasha gari lililolala baridi, maji yanapungua bila tone chini, na oili ikichanganyika na maji hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Baadhi ya gereji wana kichupa chenye dawa ya bluu ambacho huwekwa kwenye mdomo wa rejeta. Ikigeuka njano, moshi umo. Omba kipimo hicho kabla hujakubali hedi ifunguliwe, maana kufungua hedi si sawa na kufungua soda.

Kutoa hewa kwenyewe ni kazi ya uvumilivu tu. Yule mzee alilisimamisha gari kwenye mteremko mdogo mbele ya gereji, pua juu, akaweka mawe nyuma ya magurudumu. Akakata chupa ya maji ya kunywa katikati, akaipindua, akaibana kwenye mdomo wa rejeta kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Mpira wa baiskeli Tanga haukosekani. Kitufe cha joto akakipeleka mwisho wa nyekundu, kwa ajili ya yale magari yenye bomba la kufunga, asemavyo, na kwa mazoea. Akajaza mpaka maji yakasimama nusu ya chupa, akawasha. Kwanza hakuna kitu. Akaanza kuuminya mpira wa juu kwa mkono, taratibu, kama anayekamua ng'ombe, na mapovu yakaanza kutokea chupani, moja, mawili, kisha kwa kundi. Kila povu likitoka maji yanashuka kidole kimoja, anaongeza. Tukangoja themostati ifunguke, yaani kile kilango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, ambayo kwa injini nyingi za Kijapani huanza kwenye nyuzijoto 82 hivi. Ilipofunguka maji ya chupani yakazama ghafla, likatoka povu moja kubwa lenye sauti, na nyuma ya dashibodi ile sauti ya kusukutua ikanyamaza hapohapo, katikati ya neno. Akangoja feni ya rejeta iwake na kuzima mara mbili. Akafunga kwa kifuniko kipya. Kesho yake asubuhi, gari likiwa baridi, nikarudi akaongeza glasi moja.

Nasisitiza neno baridi. Kifuniko cha rejeta ya moto hakifunguliwi hata kwa kitambaa kinene. Maji yaliyobanwa juu ya nyuzijoto 100 yakifunguliwa yanageuka mvuke papo hapo, usoni mwako.

Kuhusu kulanti, tunajidanganya. Kwa kuwa inaitwa dawa ya kuzuia maji yasigande, tunasema Tanga hakugandi, tunatia maji ya bomba, au ya kisima. Lakini nusu ya kazi ya kulanti ni kuzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka. Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi, na chumvi hiyo inakula alumini na kuacha magamba. Magamba yanaziba kwanza njia nyembamba kuliko zote, na njia hizo ziko kwenye ile rejeta ndogo ya hita. Ukishika mipira yake miwili injini ikiwa na joto, mmoja ukauunguza mkono na wa pili ukawa vuguvugu, imeanza kuziba. Inaoshwa kwa mpira wa bustani, maji ya nguvu ndogo, upande huu kisha upande ule, mpaka yatoke masafi. Nguvu nyingi itaipasua. Halafu weka kulanti nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvi, na usihukumu kulanti kwa rangi yake. Rangi ni ya kiwanda.

Vilango sasa. Hivi havina hatari ila vinaudhi kuliko vyote. Ni vipande vya plastiki vinavyofunguka na kufungwa kuamua hewa ipite kwenye joto au ikwepe, iende kiooni au miguuni. Kwenye magari ya zamani vinavutwa kwa waya. Kwenye mapya kila kimoja kina kimota chake chenye gia za plastiki. Jino la gia likikatika, kimota kinazunguka, kinafika pale palipokatika, kinateleza, kinarudi: ka-ka-ka-ka, kama saa ya ukutani iliyopandwa na wazimu, kwa sekunde kadhaa, kisha kinakata tamaa. Utakisikia unapowasha gari au unapogeuza kitufe. Gia hizo hazitibiwi kwa mafuta wala gundi, kimota kinabadilishwa. Lakini kabla ya kununua, chunguza kama kilango chenyewe kimekwama. Kalamu, sarafu, hata jino la kitana huangukia kwenye yale matundu chini ya kioo cha mbele, na kimota kizima kitalia kikipambana nacho. Na kama betri ilitolewa na kurudishwa, gari jingine hutafuta upya mwanzo na mwisho wa vilango vyake. Mlio mfupi wa siku hiyo usikutie hofu.

Upepo ndio wenye visa. Hewa ya nje inaingilia chini ya kioo cha mbele, pale wipa zinapolala, kisha inavutwa na blowa iliyoko nyuma ya droo ya dashibodi upande wa abiria. Mtu anayeegesha chini ya mwarobaini anakusanya majani hapo bila kujua. Jani moja likifika kwenye blowa linapigapiga kama karata iliyobanwa kwenye spoki za baiskeli, na linaongeza mwendo kadiri unavyoongeza kasi ya feni. Mlio mwembamba wa kukwaruza, unaokuja asubuhi na kupungua baadaye, ni bushi ya mota imekauka. Tone la oili litakupa wiki chache, si zaidi. Kunguruma na kutikisika kunatokana na gurudumu la blowa kukosa mizani kwa sababu kitu kimekaa upande mmoja.

Kitu gani? Kwa gari la jirani yangu aliyesafiri mwezi mzima, kilikuwa nyumba. Tulitoa droo, tukafungua skrubu tatu za blowa na kuishusha. Ilishuka na maganda ya karanga, pamba ya siti, karatasi za risiti zilizotafunwa na kipande cha leso ambacho mkewe alikitambua. Mwenye nyumba, panya, hakuwepo. Tulicheka, lakini nyuma ya blowa kuna kile kirezista kinachopunguza kasi ya feni, kinapata moto sana, na kimewekwa kwenye njia ya upepo makusudi ili kipoe. Takataka kavu zikikigusa huanza kuungua. Kwa hiyo kelele ya feni ikifuatana na harufu ya kuungua, zima feni, zima gari, usisubiri kufika. Jirani sasa, kabla ya kuegesha kwa siku nyingi, anaweka kitufe kwenye hewa ya ndani, ile alama ya mshale unaojizungusha, ili kilango cha nje kifungwe.

Yaliyobaki ni ya kupita. Mluzi wa hewa mara nyingi ni chujio la ndani limejaa vumbi. Liko nyuma ya droo ileile, linatoka kwa mkono. Sauti ya maji yanayobwagika unapokata kona huku AC inatumika ni mrija wa kutoa maji ya AC umeziba, na kapeti italowa maji yasiyo na rangi wala harufu. Kapeti ikilowa kitu chenye utelezi na harufu tamutamu, na kioo kikaweka ukungu wa mafuta, ile rejeta ndogo imetoboka. Mlio mkali mwembamba nje kwenye boneti unapowasha AC mara nyingi ni mkanda, hauhusiani na haya.

Rejeta ya hita ikitoboka, fundi mwingi atakupa dawa moja: kata, unganisha ile mipira miwili kwa kipande cha bomba, maji yazunguke bila kuingia ndani. Si ulaghai. Inakutoa barabarani, na kwa siku mbili tatu ni sawa, mradi aunganishe na asizibe, kwa kuwa kwenye baadhi ya injini njia ya hita ndiyo inayozungusha maji wakati themostati imefungwa. Lakini kuiacha hivyo miaka, kwa hoja kwamba Tanga hakuna baridi, mimi siiungi mkono. Gari likianza kuchemsha pale Segera na gereji iko mbali, kuwasha hita hadi mwisho na feni hadi mwisho kunatoa joto fulani kwenye injini. Utatoka jasho, lakini utafika kando ya barabara salama, kama maji bado yapo.

Na kuna Lushoto. Mji ule uko mita 1,400 hivi juu ya bahari, maji ya wazi kule yanachemka kwenye nyuzijoto 95 tu, na mwezi wa saba ukungu unashuka barabarani saa kumi na mbili jioni. Mwaka huo nilipanda tena, na kifuniko kipya, kwenye harusi ya binamu. Tulipoipita Soni kioo kikafunikwa weupe kwa ndani, watu sita tunapumua mle ndani, mke wangu anafuta kwa kanga na weupe unarudi. Nikakivuta kile kitufe kutoka bluu hadi nyekundu, nikaelekeza hewa kiooni, nikawasha na AC ili ikaushe unyevu. Kwanza ikatoka harufu ya vumbi la miaka. Kisha joto, na kioo kikaanza kufunguka kutoka chini, kidogo kidogo, kama pazia linalovutwa na mtu mvivu, mpaka nikauona mstari wa barabara.